Freifunk: Venye Mitandao ya Mtaa Ujerumani Hupeana Data ya Nodi Bila Bosi wa Juu

Kuna ramani ya Ujerumani ambayo ukiifungua kwa simu utadhani mtu amemwaga ndengu juu yake. Ni doti kila mahali, Berlin, Hamburg, Cologne, hadi vijiji ambavyo jina lao huwezi kutamka bila kujiuma ulimi. Kila doti ni ruta. Iko kwa dirisha la keja ya mtu, ndani ya mkahawa, ama juu ya mnara wa kanisa. Ukigusa doti moja unaonyeshwa jina lake, watu wangapi wameunganishwa saa hii, imewaka kwa siku ngapi bila kuzima, na inasikizana na ruta gani za karibu.

Hakuna kampuni inamiliki hizo doti. Ni za Freifunk, jina la Kijerumani lenye maana ya mawimbi huru. Na Freifunk yenyewe si kitu kimoja. Ni mamia ya vikundi vya mtaa, kila kimoja na seva zake, sheria zake na wasee wake wa kubishana hadi usiku wa manane. Sasa walifikaje kwa ramani moja kama hakuna mkubwa wa kuwaambia waleteni data? Usidhani hii ni stori ya watu wa kompyuta peke yao, kwa sababu mwisho wake inabisha kwa mlango wa nyumba ya mtu.

Kwanza, hawa ni kina nani

Freifunk ilianza Berlin mwanzoni mwa miaka ya 2000, na chanzo chake kinachekesha kidogo. Baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, mitaa kadhaa ya upande wa mashariki iliwekewa simu za faiba badala ya waya wa shaba. Ilikuwa teknolojia ya juu kabisa wakati huo. Halafu intaneti ya kasi ikaja kwa njia ya DSL, ambayo inataka waya wa shaba. Yaani wewe ndiye uliwekewa kitu kipya, na ni jirani wa mtaa wa pili mwenye waya wa zamani anafurahia kasi. Wasee wakachoka kungoja. Wakapanda juu ya paa, wakafunga antena, wakaanza kugawana laini chache zilizokuwepo.

Njia waliyotumia inaitwa meshi. Wi-Fi ya kawaida ya keja ina ruta moja na nyinyi wote mnaning'inia hapo. Kwa meshi kila ruta inapokea ujumbe wa mwenzake na kuupitisha mbele, kama watu wamejipanga kupitisha ndoo za maji kutoka kwa bomba hadi kwa nyumba inayoungua. Ruta moja ikizima, ujumbe unatafuta njia nyingine. Kila ruta kwa mpangilio huu ndiyo inaitwa nodi. Na ndiyo, programu moja ya kupanga hizo njia inaitwa B.A.T.M.A.N., si mzaha. Ilitoka kwa hii jamii ya Freifunk, na mwaka 2011 toleo lake la batman-adv likaingizwa ndani ya Linux yenyewe.

Leo doti zao zinahesabika kwa makumi ya maelfu. Mwaka 2015, wakati wakimbizi wengi waliingia Ujerumani, vikundi vya Freifunk viliweka Wi-Fi kwa makao mengi ya wakimbizi, watu wakaweza kupigia familia zao simu. Hiyo ndiyo aina ya kazi unaona ukiangalia ramani vizuri. Doti nyingi zimesongamana kwa jengo moja, na idadi ya waliounganishwa iko juu kuliko mtaa mzima unaozunguka.

Nodi huwa inasema nini

Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Data ya nodi si vitu unavyotazama ukiwa kwa hiyo Wi-Fi. Hakuna mtu anachapisha kwamba ulikuwa unaangalia mechi. Ni habari ya ruta yenyewe.

Vikundi vingi vya Freifunk hutumia mfumo wa ruta unaoitwa Gluon, ambao ulianzia kwa kikundi cha mji wa Lübeck. Ndani yake kuna kaprogramu kadogo kanaitwa respondd. Kazi yake ni kungoja kuulizwa. Seva ya kikundi inapiga kelele moja kwa mtandao mzima, "nyinyi mko aje?", na kila nodi inajibu na kifurushi kidogo cha maandishi ya JSON. Jibu liko na mafungu matatu. La kwanza ni utambulisho, yaani jina la nodi, ni ruta ya aina gani, inatumia toleo gani la mfumo, iko latitudo na longitudo gani, na kama mwenyewe alitaka, mawasiliano yake. La pili ni hali, kama muda imewaka, kumbukumbu iliyobaki, data iliyopita, na idadi ya vifaa vilivyounganishwa. Idadi tu, si majina. La tatu ni majirani, ikisema inasikia nodi gani na inazisikia vizuri kiasi gani.

Hilo fungu la majirani ndilo tamu zaidi kwa fundi. Kwa B.A.T.M.A.N. ya kawaida ubora wa njia hupimwa kutoka 0 hadi 255. Ukiona 250 kati ya nodi mbili, hiyo iko fiti. Ukiona 60, kuna kitu. Labda mti umeota majani katikati, labda upepo umegeuza antena, labda mtu amesogeza ruta nyuma ya friji. Bila hiyo data, msee wa kujitolea lazima atembee nyumba hadi nyumba akibisha mlango. Nayo ikiwepo, anakaa kwake na chai, anasoma ramani, anajua ni paa gani apande Jumamosi.

Kila kikundi na lugha yake

Shida ilianza pale vikundi vilitaka kuonana. Berlin walikuwa wametumia kwa muda mrefu mfumo wa kuelekeza njia unaoitwa OLSR, na ramani yao, OpenWiFiMap, ilifanya kazi kwa nodi kujipeleka, yaani ruta yenyewe inatuma habari zake kwa seva. Vikundi vya Gluon vilifanya kinyume, seva ndiyo inauliza. Hata wale waliotumia mfumo mmoja hawakuandika matokeo sawa. Faili ya huyu inaita kitu hivi, ya yule vile. Toleo likibadilika, ramani ya jirani inakufa.

Ni kama chama mbili zinataka kuungana, moja inaweka hesabu kwa daftari, nyingine kwa WhatsApp, na ya WhatsApp mweka hazina amebadilisha simu.

Dawa ya haraka kichwani mwa kila mtu ni ile ile: tuweke seva moja kubwa, kila mtu alete data yake huko. Freifunk walikataa, na kwangu naona walikuwa sawa. Seva moja ni mtu mmoja wa kuilipia, mtu mmoja wa kuizima, na mahali pamoja pa polisi ama mdukuzi kwenda. Isitoshe hawa ni watu walianza hii kitu kwa kukataa kungojea kampuni kubwa. Huwezi kuwaambia sasa wakawe wateja wa wenzao.

Faili moja kwa kila kikundi

Walichofanya kinaitwa Freifunk API, na wazo lake walilichota kwa SpaceAPI, ambayo ilikuwa ya vituo vya wadukuzi wazuri kutangaza kama mlango wao uko wazi ama umefungwa. Ni rahisi hadi inaudhi. Kila kikundi kinaandika faili moja ya JSON na kukiweka kwa tovuti yake chenyewe. Ndani unaandika jina la kikundi, mji, mahali pa kukutana, barua pepe ya kuwapata, nodi ngapi mko nazo, mnatumia mfumo gani wa kuelekeza njia, na kitu muhimu sana, kiungo cha kule ramani yenu ya nodi iko na imeandikwa kwa muundo gani.

Halafu kuna orodha kuu. Nayo haina data ya nodi hata moja. Ni mistari tu, jina la kikundi upande huu na anwani ya faili yao upande ule. Ukitaka kuingia unaomba mstari wako uongezwe kwa GitHub, mtu anaangalia, imekwisha. Programu ya kukusanya inapita kwa hiyo orodha, inavuta faili moja moja kutoka kwa kila kikundi, na kutengeneza muhtasari mmoja. Kutoka kwa huo muhtasari mtu yeyote anaweza kujenga kitu. Ramani ya vikundi kwa tovuti ya Freifunk ilitoka hapo. Kalenda ya mikutano ya vikundi vyote ilitoka hapo. Na mwenye kutaka ramani ya nodi zote anafuata vile viungo, anaona hiki kikundi kinatumia muundo wa meshviewer, kile nodelist, kile OpenWiFiMap, na anatafsiri mwenyewe.

Cheki vile nguvu imegawanywa. Hakuna mtu amelazimishwa kubadilisha mfumo wake. Unalazimishwa kusema ukweli kuhusu mfumo ulio nao, basi. Na siku ukikasirika, unaondoa faili kwa tovuti yako na umetoka, huombi mtu ruhusa.

Ubaya wake uko pia. Faili inaandikwa na binadamu, na binadamu husahau. Kikundi kinaweza kufa, yule msee mmoja aliyejua nenosiri ameoa na kuhama, na faili bado inasema wako na nodi 80. Ndiyo maana ndani kuna sehemu ya tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Mimi nikisoma orodha kama hizi huwa naanza na hiyo tarehe kabla ya jina.

Ngori ya namba za IP

Kuna data nyingine inapeanwa ambayo haionekani kwa ramani, na hiyo ndiyo ilinigusa binafsi. Kuna wakati mimi na jirani wa ploti tuliamua kuchanga pesa ya Wi-Fi. Tukaunganisha ruta yangu na yake kwa kebo. Zote mbili zilikuwa zinajiita 192.168.1.1. Jioni nzima simu zinaingia, zinatoka, jirani ananiangalia kama mimi ndiye nimemwibia. (Niliacha chuo kabla tufike hiyo mada, kwa hivyo niliisomea hapo kwa ngazi.)

Sasa fikiria hiyo kwa miji. Namba za IP za ndani ziko chache za kuchagua, na kila kikundi kilikuwa kimejichukulia kutoka kwa fungu linaloanza na 10. Vikundi vikitaka kuungana moja kwa moja, mji kwa mji, viwili vikiwa na namba sawa hakuna anayefika kokote. Freifunk walikuwa na mtandao wa kuunganisha miji kupitia mabomba ya siri ya intaneti, wakiuita IC-VPN. Ili ufanye kazi, kila kikundi kiliandika faili ndogo ya maandishi yenye fungu lake la namba, namba yake ya utambulisho wa njia na seva zake za majina, na zote zikawekwa kwa hazina moja ya wazi. Programu inasoma mafaili hayo na kuandika yenyewe mipangilio ya kila ruta ya mpakani. Mgeni akija anasoma kwanza nini kimeshachukuliwa. Hakuna kushikana mashati.

Catalonia walifanya kinyume

Si kila mtu alifuata njia ya Freifunk. Kule Catalonia, Uhispania, kuna guifi.net, iliyoanza 2004 mashambani, wilaya ya Osona, mahali kampuni hazikuona faida. Imevuka nodi 30,000. Kwao data inakuja kwanza na ruta baadaye. Unajisajili kwa tovuti moja, unaweka nodi yako kwa ramani hata kabla ya kununua antena, na inaandikwa kama imepangwa, inajengwa, inajaribiwa ama inafanya kazi. Mfumo ndio unakupa namba ya IP. Kuna hata kitu walikiita unsolclic, yaani kubofya mara moja, kinachokutengenezea mipangilio ya ruta ukabandike tu.

Habari hizo zote zinatoka kwa muundo wao unaoitwa CNML, na wengine walijenga juu yake vifaa vya kuchora michoro na kufuatilia hali ya mtandao. Faida yake iko wazi, hakuna namba kugongana, na mgeni anasaidika haraka. Lakini nodi ikizima na mwenyewe asibadilishe kitu kwa tovuti, karatasi inasema iko na paa linasema haiko. Freifunk wanauliza ruta yenyewe. Guifi walianza kwa kuuliza mwenye ruta.

Baadaye kukaja jaribio la kuwaunganisha wote, NetJSON, likisukumwa na watu waliotoka kwa mtandao wa Italia unaoitwa Ninux. Lilitaka kuwe na namna moja ya kuandika njia, grafu ya mtandao, mipangilio na hali ya kifaa. Halikumaliza lugha zingine, ila mfumo wa OpenWISP unalitumia, na ukiwa unaanza leo kutoka sufuri ningekuambia uliangalie kabla hujajitungia lako.

Sasa mlango wa mtu

Ujerumani kulikuwa na sheria moja iliwatesa sana hawa wasee. Kwa lugha yao inaitwa Störerhaftung. Kwa ufupi, mtu akipakua filamu ya wizi kupitia Wi-Fi yako, barua ya wakili inakuja kwako. Mwezi Mei 2010 mahakama yao kuu ilisema mwenye Wi-Fi ya nyumbani ambayo hakuifunga vizuri anaweza kubebeshwa lawama, ingawa si kulipa fidia. Sheria ilibadilishwa 2016 na tena 2017. Katikati hapo vikundi vingi vilijikinga kwa kupitisha data yote kwa njia ya siri hadi seva ya kikundi, nyingine hata nje ya nchi, ili anwani ya nyumba ya mtu isionekane.

Umeiona hiyo? Upande mmoja wanaficha anwani ya IP ya mwenye nodi. Upande mwingine ramani yao inaonyesha doti juu ya paa lake, na wakati mwingine barua pepe yake.

Gluon inakuonya. Ukiwa unaweka ruta, pale pa kuandika mawasiliano inakuambia kwamba yataonekana hadharani pamoja na mahali nodi iko. Unaweza kuacha wazi. Unaweza kukataa kuweka mahali. Lakini sisi sote tunajua venye tunasomanga maonyo, tunabofya mbele, mbele, maliza. Tarehe 25 Mei 2018 sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, GDPR, ikaanza kutumika, na hayo maswali hayakuweza tena kuachiwa wasee wa usiku wa manane.

Na si jina tu. Chukua nodi ya nyumbani yenye mchoro wa idadi ya waliounganishwa, saa kwa saa. Sifuri kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mbili usiku. Wikendi ya Pasaka sifuri siku nne mfululizo. Hakuna jina hapo, lakini mwizi hahitaji jina. Anahitaji kujua keja gani na lini. Hiyo ndiyo hatari ninayoona kwa kupeana data kiholela. Kila kipande kimoja hakina noma, noma inakuja vikikutana. Na kazi yote ya ule muhtasari ni kuvikutanisha.

Kwa hivyo vipande havifai kutendewa sawa. Nodi ya mnara wa kanisa ama ukumbi wa mji, weka mahali kamili, weka mchoro, weka kila kitu, maana ndiyo uti wa mgongo na watu wanahitaji kuelekeza antena huko. Nodi ya chumbani mwa mtu, sogeza doti hadi kona ya barabara, na idadi ya watu toa kama jumla ya mtaa. Fundi wa kikundi abaki na namba halisi kwa seva ya ndani, kwa muda mfupi.

Na huku kwetu

Mitandao ya jamii iko Kenya pia. TunapandaNET iko Kibera, ikiunganisha shule na vituo vya vijana. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa leseni na masafa kwa mitandao kama hiyo, kumaanisha haihitaji tena kulazimishwa kwa leseni zilizotengenezewa kampuni kubwa. Mitandao ikiongezeka, swali la Berlin litafika. Mtajuana aje? Mtagongana namba? Nani ataona antena imeanguka?

Na sisi tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inahesabu mahali mtu alipo kati ya vitu vinavyoweza kumtambulisha. Tena mtaani kwetu ruta na antena juu ya mabati ni mali ya kuibiwa, si kama Lübeck. Ramani ya wazi inayosema antena ya bei iko hapa, na jana usiku hakukuwa na mtu, ni orodha ya kununua bila pesa.

Ningekuwa naandika faili ya kwanza ya mtandao wa mtaa hapa, ningeweka jina la mtandao, kata, barua pepe ya kikundi na si ya mtu, fungu la namba za IP, mfumo wa meshi, idadi ya nodi kwa jumla, kiungo cha ramani yenye shule na zahanati zilizokubali kuonyeshwa, na tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Latitudo za keja za watu zingebaki kwa daftari la fundi, na daftari lenyewe ndani ya sanduku lenye kufuli.